Nilivyokalia Muhuri Kasulu

Aliposema tuko wawili, ndipo nilipokalia muhuri.

Wenzangu wa kikundi, mmeniuliza wote wawili, Odilia kwa ujumbe wa simu na Sada kwa kuja kusimama mlangoni kwangu mikono kiunoni: kadi iko wapi, na kisahani cha bluu kiko wapi. Nitaeleza mara moja, kwa maandishi, nisirudie kila Jumamosi pale nyuma ya shule.

Ilikuwa alasiri, kwenye bustani ya umma ya Kasulu, ndani ya kibanda cha mabati cha msimamizi. Nilikuwa nimemaliza vikapu tisa. Siyo mara moja, mara mbili, siku hiyo hiyo, mwanangu Pendo akiwa mgongoni na miezi yake minane na meno yake mawili, akinivuta nywele kila ninapolenga. Nikaweka kadi mezani. Msimamizi, Bwana Festo, akaisoma mbele, akaigeuza nyuma ambako hapajaandikwa kitu, akasoma na huko.

"Hapa panasema mchezaji mmoja," akasema.

"Ndiyo."

"Sasa nyie mko wawili."

Nikageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yangu. Hakuna.

"Nani na nani?"

"Wewe na huyo mgongoni. Alikuwa uwanjani au hakuwa uwanjani?"

Muhuri ulikuwa mezani, wa mpini wa mbao, kando yake kile kidau cha wino. Niliuchukua pamoja na kidau chake, nikaviweka chini kwenye sakafu, nikavikalia. Nikamfungua Pendo mgongoni, nikamnyonyesha. Nikamwambia Bwana Festo, "Sitainuka hapa mpaka useme ukweli au umwite mkubwa wako."

Kwa atakayesoma hii naye hajui mchezo wetu: unasimama juu ya kipande cha saruji, unarusha kisahani cha plastiki kigumu, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena, mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Mwenye mirusho michache ndiye bingwa. Sisi Kibondo vikapu vyetu ni ndoo na minyororo ya baiskeli, na saruji hatuna. Kasulu wanavyo vikapu vya kweli, tisa. Kikundi kisichokuwa na kadi yenye muhuri wa bustani ile hakiandikishwi kwenye mashindano ya mkoa, na kadi zinakusanywa mwisho wa mwezi huu. Kadi moja inatosha kundi zima. Mlinituma mimi kwa sababu ndiye ninayerusha mbali, na kwa sababu sina mume wa kuniuliza naenda wapi. Hilo mlilisema kwa sauti ya chini, nililisikia.

Kibondo mpaka kizuizini

Niliondoka asubuhi, visahani vyote vitatu vya kikundi nimevifunga kwenye kitenge kipya visikwaruzike: chekundu cha kwenda mbali, cha bluu cha katikati, cha njano cha kuingizia kikapuni. Chupa ya asali ya kumpelekea Shangazi yangu wa Kasulu nikaishika mkononi.

Hatukufika mbali. Kabla ya njiapanda ya kambi ya wakimbizi ya Nduta gari likasimamishwa kizuizini, askari kijana akapanda, akaanza kuuliza vitambulisho. Alipofika kwangu akasikia ninavyomsemesha Pendo kwa Kiha, ambacho asiyekijua hudhani ni Kirundi.

"Mama, unatokea kambini?"

"Natokea Kibondo mjini, kwetu. Na hiki kitambulisho changu."

Akakiangalia, akaniangalia. Sura ni ile ile. Akaona hana la kusema kuhusu sura, akagusa furushi.

"Humu kuna nini?"

"Visahani."

"Vya kulia?"

"Vya kurusha."

Nilijua nimekosea palepale. Ningesema vya kulia tungekuwa Busunzu saa ile. Akafungua kitenge, akatoa chekundu, akakigonga kwa kucha, akakinusa. Akasema hajawahi kuona sahani ya kurusha, na kama kweli inarushwa, airushe aone. Nikamwambia afande, hicho usirushe, hicho ni cha kwenda mbali. Akasema, "Ndiyo nataka kuona huko mbali."

Akarusha. Lazima niseme haki, kwa mtu wa mara ya kwanza alirusha vizuri. Kilipita juu ya kizuizi, juu ya pikipiki iliyokuwa inasubiri, kikakata kulia kama ndege aliyesahau kitu, kikazama kwenye shamba la mihogo.

"Loo," akasema askari.

Nikashuka. Nikawaambia abiria kwamba kile ni mali ya kikundi, sitaondoka bila hicho, na wakiondoka bila mimi nitawafuata kwa miguu nikiwataja kwa majina. Wakanung'unika. Mzee mmoja akasema wanawake wa siku hizi wana michezo. Lakini askari mwenyewe aliingia mihogoni akiwa na buti zake, na abiria walipomwona askari anainama, nao wakaanza kushuka mmoja mmoja. Tulitafuta mpaka jua likawa kali. Aliyekiona ni mama mmoja mwenye gunia la dagaa, alikuwa hata hatafuti, alikwenda kujisaidia.

Askari akakifuta kwenye suruali yake, akanipa kwa mikono miwili. "Safari njema, mama. Mkishinda mpitie hapa mniambie."

Busunzu na Makere

Busunzu gari lilisimama dakika tano za kushusha mzigo. Abiria mmoja akasema anakimbia kuwasalimia wakwe zake, nyumba ile pale, inaonekana. Sote tulijua kitakachotokea, dereva naye alijua. Hakuna mtu anatoka ukweni kwa dakika tano. Wakamkalisha, wakampikia. Dereva akapiga honi, na mama mkwe akatoka kutuambia kwa upole kwamba mkwewe anakula. Abiria wetu alirudi na jogoo na mkungu wa ndizi, anatabasamu. Nilimwambia usoni kwamba ametutia hasara ya nusu siku. Akanikatia ndizi tatu. Nikala nikiwa na hasira, na ndizi zilikuwa tamu, na hilo likanizidishia hasira.

Makere tulikula chakula cha mchana wakati watu wengine wanakunywa chai ya jioni. Muuza chakula alikuwa mama wa Kikongo, mkubwa wa mwili, anayegeuza ugali kama anapigana nao. Nikaagiza ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka. Akamwangalia Pendo.

"Mutoto alikula?"

"Ananyonya."

"Nilikuuliza alikula. Kunyonya ni yako, kula ni yake." Akamchukua bila kuniomba, akampondea kipande cha ndizi kwenye kikombe, akampa kwa kidole. Pendo, ambaye hata kwa Odilia halali mikononi, akafungua mdomo.

"Unaenda wapi na hii mutoto, mama?"

"Kasulu. Kucheza."

"Kucheza ngoma?"

"Kurusha visahani kwenye vikapu."

Akafikiri kidogo. "Baba yake yuko wapi?"

"Hakuna."

"Basi rusha," akasema, akanirudishia mtoto na kuniongezea mchuzi.

Huyo ndiye mtu pekee katika safari nzima ambaye hakuniuliza swali la pili kuhusu mchezo.

Kwa Shangazi, Murubona

Hapa ndipo kisahani cha bluu kilipopotea, ingawa hakikupotea.

Shangazi Veronika ni dada wa baba yangu. Mnajua mgeni anavyopokelewa kwetu: hutangazi ulicholeta. Mwenyeji anakupokea begi mlangoni, analiingiza ndani, na kilichofungwa vizuri ndicho chake. Mimi nilimpa asali mkononi nikadhani nimemaliza. Nikaenda kuoga na kumwogesha Pendo. Nilipotoka, meza ilikuwa tayari. Ugali uko kwenye kisahani chekundu. Maharage ya mawese yako kwenye cha bluu, mekundu, yanang'aa. Cha njano kimewekewa ndizi za mtoto.

"Mwanangu," Shangazi akasema, na macho yake yalikuwa na maji, "asali, na sahani pia. Tena umezifunga kwenye kitenge kipya. Tangu kaka yangu afariki hakuna mtu wa kwao aliyeniletea chombo cha nyumba."

Niambieni, mngesema nini? Sada, wewe unayejifanya una mdomo, ungesema nini? Nilinawa mikono nikala kwenye kisahani cha mashindano. Shangazi akawa anavisifia: havitelezi, havivunjiki, hata ukingo wake umekunjwa vizuri mchuzi usimwagike. Kitenge chenyewe alikuwa tayari amejifunga.

Asubuhi nilimkuta anavisugua kwa majivu.

"Shangazi, naomba uniazime sahani zako leo."

"Kuna shughuli?"

"Naenda kuzirusha."

Akaacha kusugua. "Kuzirusha."

"Kwenye bustani ya umma. Kuna vikapu. Zikiingia kikapuni napewa kadi."

Akakung'uta majivu mikononi. Kisha akasema, "Ningekuwa nimekulea mimi, ningejua nilipokosea. Lakini hukulelewa na mimi." Akajifunga kitenge vizuri. "Twende. Siwezi kuacha vyombo vyangu vikaondoka peke yake."

Bustanini, mzunguko wa kwanza

Bustani iko kwenye mteremko, mikaratusi juu, mtaro wa maji chini, na vikapu vimesambaa humo. Nilipokiona kikapu cha kwanza nilisimama. Jamani, ni kizuri. Minyororo inang'aa, nguzo imenyooka, na saruji ya kusimamia ni laini kama ya baraza la tajiri. Bwana Festo akanipa kadi, akaniambia nizunguke, nikimaliza nimpelekee agonge muhuri. Alimwangalia Pendo mgongoni na hakusema neno. Kumbukeni hilo.

Cha kwanza nilimaliza kwa mirusho minne. Cha pili minne. Nilipofika saruji ya tatu, imejaa maharage. Mekundu, yametandazwa kutoka ukingo mpaka ukingo, yanaanikwa. Nikatazama mbele: ya nne maharage, ya tano maharage, ya sita udaga mweupe wa muhogo. Na kwenye kikapu cha tatu, juu ya ile minyororo mizuri, wamening'iniza mahindi ya mbegu, maganda yamesukwa.

Wanawake watano walikuwa wamekaa kwenye nyasi wanachambua.

Sikusalimia. Nilikuwa nimesafiri siku nzima, nimekula kwenye vifaa vya kikundi, na nimeazimwa mali yetu wenyewe. Nikasema kwa sauti, "Nani kaanika maharage kwenye uwanja? Yatoeni, nataka kusimama."

Hakuna aliyeinua kichwa. Mmoja mwenye kilemba cha njano, baadaye nilijua ni Mama Joyce, akawauliza wenzake, "Mmesikia kitu?"

"Labda mbuzi," mwingine akajibu.

"Mbuzi wa wapi huyu, anapita bila salamu?"

"Wa Kibondo. Sikiliza anavyolia."

Shangazi nyuma yangu alijifunika uso kwa kitenge changu.

Bwana Festo akapaza sauti kutoka kibandani, "Mama, simama pembeni tu, rusha, endelea." Nami nikasimama pembeni, kwenye majani, nikarusha. Hivyo ndivyo nilivyomaliza vikapu vyote, mguu mmoja mtaroni, kisahani kinagonga mahindi badala ya minyororo. Nilirudi kibandani nikitoka jasho. Akachukua kadi.

"Ulisimama juu ya saruji zote?"

"Wewe uliniambia nisimame pembeni."

"Nilikuambia ili upite. Lakini kwa kadi, kanuni ni kusimama juu ya saruji. Zunguka upya juu ya saruji, nitagonga."

Nilivuta pumzi. Niliyakumbuka maneno yenu, Odilia, kwamba nikienda nisigombane na mtu mwenye muhuri. Nikasema sawa, nazunguka upya. Nilikuwa bado na subira wakati huo, na nataka iandikwe kwamba nilikuwa nayo.

Mzunguko wa pili

Nikataka kwenda moja kwa moja kwenye saruji ya tatu nianze kuyazoa maharage mwenyewe. Shangazi akanishika mkono.

"Ukigusa maharage ya watu bila salamu, mimi sikujui."

"Nimechelewa, Shangazi."

"Umechelewa kwa sababu hukusalimia. Nenda ukaanze upya. Na hao nao uwaanze upya, kwa salamu."

Nikashuka. Nikainama, nikapiga makofi taratibu kama tunavyofundishwa tukiwa wadogo. "Mwakeye."

Mama Joyce akaweka ungo chini, akapiga makofi naye. "Mwakeye, mwakeye. Habari za Kibondo?" Akaniuliza nyumba. Akaniuliza mama yangu. Akaniuliza mvua, mahindi, mtoto ana jina gani, meno yameota mangapi, na mguu wangu, maana aliona nauburuta tangu ule mtaro. Nikajibu yote. Nikamuuliza yake yote. Kila mmoja wa wale watano ikawa hivyo hivyo. Jua lilisogea tukiwa tunasalimiana. Tulipomaliza, yeye mwenyewe akasema, "Haya, sasa sema. Saruji unaitakia nini?"

Nikamweleza. Wakatazamana.

"Ina maana hizi ni za kusimama?" akasema Mama Joyce. "Mtu mmoja tu, anasimama?"

"Anasimama, anarusha, anaondoka."

"Mwanangu, hapa kwetu mradi ukija ukamwaga saruji karibu na mashamba, ni ya kuanikia. Hakuna aliyetuambia vingine. Nyie Kibondo mradi ukiwamwagia saruji mnasimama juu yake?"

"Na vikapu vya chuma je? Mlidhani vya nini?"

"Vya mbegu," wakasema pamoja, kama nimeuliza jua linatokea wapi. Mmoja akanielekeza nguzo. "Angalia. Laini, ndefu. Panya hapandi. Tukasema, safari hii wamemleta fundi anayewajua panya."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Ni kweli kabisa. Ningekuwa mimi ningeanika humo humo.

Tukakusanya pamoja. Hatukuwa na vyombo vya kutosha, basi Shangazi akatoa visahani, na maharage ya saruji ya tatu, ya nne na ya tano yakazolewa kwa chekundu, bluu na njano na kumiminwa kwenye khanga. "Niliwaambia ni sahani," Shangazi akawa anasema kwa kila mtu. Udaga wa saruji ya sita ukakusanywa kwenye ungo, na mahindi yakashushwa kwenye minyororo. Kisha wote wakanifuata kikapu hadi kikapu, kwanza kwa kucheka, baadaye kwa kuhesabu.

Kikapu cha saba kiko ng'ambo ya mtaro, mbali, na mkaratusi umekaa katikati ya njia. Nilisimama katikati ya saruji. Nikazunguka, Pendo akacheka mgongoni kwa ule mzunguko, nikaachia chekundu. Kikapita kushoto kwa mti, kikapinda, kikashuka hatua mbili tu kutoka kikapuni. Mama Joyce aliweka mkono kifuani. Mrusho wa pili, njano, minyororo ikalia.

Kwa mzunguko huo nilikuwa na mirusho thelathini na nne. Sijawahi kushuka mpaka hapo. Wao ndio waliohesabu, wanawake watano na Shangazi, na hesabu zao zililingana.

Juu ya muhuri

Ndipo Bwana Festo akaniambia tuko wawili, na nikakalia muhuri, kama nilivyoeleza.

Bwana Festo kwanza alicheka. Kisha akaniambia ni kosa kisheria kukalia muhuri. Nikamuuliza sheria ipi, akasema ataitafuta. Akajaribu kumpigia mkubwa wake, simu ikawa haipatikani. Pendo ananyonya, anamwangalia kwa jicho moja.

Kidau kilikuwa kinaniumiza, nikakitoa kukisogeza, kifuniko kikafunguka. Kile kitambaa cha wino kilikuwa kikavu, kimepasuka kama matope ya kiangazi. Hakijawahi kulowa. Nikageuza muhuri, mpira wake ni mweupe, safi. Nikatazama ubao wa majina ya waliomaliza, ule uliopo juu ya meza yake. Hauna jina hata moja.

"Bwana Festo," nikasema. "Hujawahi kumgongea mtu."

Akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa tangu nifike.

"Nikigonga wa kwako," akasema polepole, "watakuja wengine. Watakuja wakubwa kuangalia. Watakuta maharage. Wataniuliza nilikuwa wapi muda wote. Mimi niliwaacha wale mama wakaanika mara moja, ilikuwa mvua inakuja, nikaona huruma. Baada ya hapo sikuweza kuwaondoa. Mmoja ni mama yangu mdogo."

"Ungesema hivyo tangu asubuhi."

"Ungenielewa?"

"Hapana. Lakini ungekuwa umesema."

Mama Joyce alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Akaniambia, bila kelele, "Ukiwaandikia wakubwa wake habari ya maharage, watatufukuza. Msimu huu sina pa kuanika, ua wangu ni tope."

Hapo mambo yakawa magumu. Ningeweza kugonga mwenyewe, wino nikaulowesha kwa mate, nije niwadanganye. Sikutaka muhuri wa wizi. Ningeweza kumshtaki Festo kwa maharage, nipate kadi, na wale waliozoa mazao yao kwa ajili yangu waharibikiwe. Na nikinyamaza, nyie wenzangu mnabaki wanawake wanaorusha sahani nyuma ya shule, kama majirani wanavyotuita.

Nikainuka. Nikamrudishia muhuri wake, bado wa moto. Nikamwambia Mama Joyce, "Kesho naenda kuandika malalamiko. Uje. Nitakusomea kila mstari kabla sijaupeleka. Mstari usioutaka nitaufuta."

Tulipokuwa tunapanda kurudi, Shangazi akanipa chekundu na cha njano. "Hizi nakuazima mpaka mashindano yenu yaishe. Ya bluu inabaki, ndiyo ya mboga." Basi, Sada, jibu lako ndilo hilo. Tuna visahani viwili, vya kuazima.

Ofisini

Ofisi inayosimamia bustani niliifikia asubuhi iliyofuata. Wa mapokezi akanisikiliza dakika moja, akasema malalamiko ya mdomo siyo malalamiko. Nikamwambia anipe karatasi. Niliandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje, Mama Joyce kushoto, Shangazi kulia akiwa na Pendo. Mistari miwili Mama Joyce aliikataa, mmoja aliuongeza yeye. Mpokeaji akasoma mpaka mwisho, akanitazama, akasoma tena mwisho. Kisha akagonga nakala yangu IMEPOKELEWA. Wino ulikuwa mbichi, ukanipaka kidole. Huo ndio muhuri niliorudi nao; kadi yenyewe imebaki ofisini pamoja na barua, ikisubiri kugongwa. Jibu lenyewe nalisubiri, na lisipofika kabla ya mwisho wa mwezi nitapanda gari tena. Nakala iko kwa Odilia, na imeandikwa hivi:

YAH: KUNYIMWA MUHURI WA KADI YA MCHEZO WA VISAHANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Kibondo, nimetumwa na kikundi cha wanawake. Nilicheza vikapu vyote tisa vya bustani yenu mara mbili kwa siku moja. Mara ya kwanza niliambiwa nisimame pembeni ya saruji, kisha nikakataliwa kwa kusimama pembeni. Mara ya pili nilisimama juu ya saruji zote, nikakataliwa kwa sababu ya mtoto aliyekuwa mgongoni. Mashahidi sita walihesabu mirusho yangu, nao wako tayari kuja.

Bustani ni ya umma. Mimi ni umma, na kina mama wanaoanika mazao pale ni umma. Hawakuambiwa na mtu saruji zile ni za nini, na wanazitumia kwa usafi kuliko baadhi ya maofisi. Silalamiki juu yao, na naomba barua hii isitumike kuwaondoa. Simlalamikii msimamizi kwa kuwahurumia. Ninalalamika kwa kuwa alinihangaisha ili huruma yake isionekane.

Kwa hiyo naomba:

Kadi yangu igongwe muhuri kabla ya mwisho wa mwezi, na msimamizi apewe wino.

Libandikwe tangazo la Kiswahili kueleza saruji ni za nini na vikapu ni vya nini. Kina mama waendelee kuanika, na akija mchezaji awasaidie kuzoa na kurudisha. Mchezaji asalimie kwanza. Nimelijaribu hili, linafanya kazi.

Iandikwe wazi kwamba mama anaruhusiwa kucheza akiwa amebeba mtoto, kwa sababu hakuna aliyejitolea kumshika.

Nilicheza peke yangu. Mtoto hakurusha.